Hali ya Ushindi si Ushindi: Uchunguzi Katika Mchezo wa Sataranji

Wapo watu waaminio kwamba sataranji ni mchezo usio na bahati, na kwa hiyo aliyetangulia ndiye atakayeshinda. Sehemu ya kwanza ya imani hiyo ni kweli. Hapana karata zinazofichwa wala dadu zinazorushwa. Kete zote 32 huwa mbele ya macho ya wachezaji wote wawili. Sehemu ya pili si kweli, na kumbukumbu za michezo ya mabingwa zinathibitisha hivyo kizazi baada ya kizazi. Mchezaji wa daraja la juu kabisa duniani hufikia hali ambayo kwa uchambuzi wowote ule ni ya ushindi, kisha huinuka mezani na sare, au pengine akiwa ameshindwa. Makala haya yanakusudia kuchunguza kwa nini mambo huwa hivyo.

Msomaji hahitaji kuwa mchezaji ili kutufuata. Yatosha ajue kwamba shabaha ya mchezo ni kumfunga mfalme wa adui, yaani kumshambulia mahali ambapo hana pa kukimbilia wala wa kumkinga. Malkia ndiye mwenye nguvu kuliko kete zote, akifuatiwa na ngome, kisha askofu na farasi. Na askari, aliye dhaifu kuliko wote, akifika mstari wa mwisho upande wa adui hupandishwa cheo, aghalabu akawa malkia. Sheria mbili zaidi tutazihitaji. Mchezaji ambaye zamu ni yake, na mfalme wake hashambuliwi, lakini hana hatua yoyote halali ya kucheza, huhesabiwa kuwa amekwama, na mchezo huwa sare. Tena, ikiwa kila upande umecheza hatua 50 bila kete yoyote kuliwa na bila askari yeyote kusogezwa, mchezaji aweza kudai sare.

Havana, mwaka 1892

Mwanzoni mwa mwaka 1892, mjini Havana katika kisiwa cha Kuba, Wilhelm Steinitz alikuwa akiutetea ubingwa wake wa dunia dhidi ya Mikhail Chigorin wa Urusi. Ilikubaliwa kwamba anayetangulia kushinda mara 10 ndiye bingwa. Baada ya michezo 22 Steinitz alikuwa ameshinda mara 9 na Chigorin mara 8, na michezo 5 ilikwisha kwa sare. Katika mchezo wa 23 Chigorin alicheza na kete nyeupe, akashambulia, na akafika mahali ambapo alikuwa na kete moja nzima zaidi ya mwenzake. Kwa wachezaji wa daraja lile tofauti hiyo ni kubwa mno. Hesabu ilikuwa inaelekea 9 kwa 9.

Sasa tutazame hali ya ubao. Mfalme wa Chigorin alikuwa amejificha kwenye kona. Ngome mbili za Steinitz zilikuwa zimepenya hadi mstari wa pili wa eneo la Chigorin, zimesimama ubavu kwa ubavu, na zilikuwa zikimkodolea macho askari aliyekuwa mbele ya mfalme huyo. Askari huyo hakuliwa kwa sababu moja tu: askofu wa Chigorin, akiwa mbali katikati ya ubao, alikuwa akimlinda kwa mshazari. Askofu huyo hakuonekana kuwa anafanya kazi yoyote. Katika hatua ya 32 Chigorin alimwondoa mahali pake. Steinitz alimla askari kwa ngome ya kwanza, na kwa kuwa ngome ya pili ingemfunga mfalme katika hatua iliyofuata, Chigorin alisalimu amri papo hapo. Steinitz alifikisha ushindi wa 10 na ubingwa ukabaki kwake. Chigorin hakupata tena nafasi ya kuupigania.

Waandishi wengi wameeleza tukio hilo kwa neno moja: woga. Wanasema mikono ya Chigorin ilitetemeka mbele ya taji. Yamkini ilitetemeka, lakini maelezo ya namna hiyo hayatufikishi mbali, kwa sababu yanaweza kutolewa baada ya kosa lolote na hayawezi kukanushwa. Mimi naona ni bora tuanze na maswali mepesi zaidi. Njia ya kwenda kwenye ushindi ina urefu gani? Ina upana gani? Na akili ya binadamu hutazama wapi inapokuwa njiani?

Njia ipo, lakini ni ipi?

Mwaka 1913 mwanahisabati wa Kijerumani Ernst Zermelo alichapisha makala mafupi kuhusu sataranji yaliyoweka msingi wa tawi zima la hisabati linaloshughulikia michezo. Kwa ufupi, fikra hiyo yasema kwamba kila hali ya ubao ni ya aina moja kati ya tatu: ama mwenye kete nyeupe aweza kulazimisha ushindi hata mwenzake afanye nini, ama mwenye kete nyeusi aweza kufanya hivyo, ama kila mmoja aweza kujipatia walau sare. Aina ya nne haipo. Kwa hiyo tusemapo "hali ya ushindi" tunasema tu kwamba njia ipo. Hatujasema ni ipi.

Tofauti hiyo ilidhihirika kwa namna ya kupendeza mwishoni mwa miaka ya 1970. Ken Thompson, mtaalamu wa kompyuta katika maabara ya Bell huko Marekani, alitengeneza orodha kamili ya hali zote zinazowezekana pale ambapo upande mmoja umebakiwa na mfalme na malkia, na upande wa pili mfalme na ngome. Orodha za namna hii hutengenezwa kinyumenyume. Kompyuta huanza na hali zote ambamo mfalme amekwisha kufungwa, halafu hutafuta hali zote ambamo hatua moja yatosha kufika hapo, kisha zile zinazohitaji hatua mbili, na kuendelea hivyo mpaka hapana hali iliyobaki bila jibu. Baada ya kazi hiyo mashine haikisii tena, inajua. Orodha ya Thompson ilionyesha kwamba mwenye malkia anahitaji hatua zisizozidi 31 kushinda, hata mwenzake ajitetee namna gani.

Hilo halikuwashangaza mabingwa. Vitabu vya sataranji vilikuwa vimefundisha kwa miaka mingi kwamba malkia hushinda ngome, na vilionyesha jinsi ya kufanya. Walter Browne, aliyekuwa bingwa wa Marekani na ambaye katika maisha yake alipata ubingwa huo mara 6, alikubali kuwekeana dau: yeye atachukua malkia, mashine ichukue ngome, naye ashinde kabla hatua 50 hazijaisha. Alishindwa. Hatua 50 zilikwisha, na ngome ilikuwa bado ubaoni.

Kilichomtatiza ni kwamba mashine haikujitetea kama vitabu visemavyo. Vitabu vilifundisha kwamba mwenye ngome huiweka karibu na mfalme wake, na mbinu zote za kushambulia zilijengwa juu ya desturi hiyo. Mashine, ambayo haikuwa imesoma kitabu chochote, iliipeleka ngome mbali ilipoona kwamba kufanya hivyo kunarefusha mchezo hata kwa hatua moja tu. Browne aliyajua vizuri majibu ya hatua ambazo binadamu huzicheza. Alirudi nyumbani, akaichunguza orodha ile, akaomba kujaribu tena. Safari ya pili aliila ngome katika hatua ya 50 barabara.

Haifai kudhani kwamba matatizo haya ni ya mtu anayeikabili mashine peke yake. Katika mashindano ya wanawake yaliyofanyika Geneva mwaka 2013, Anna Ushenina wa Ukraine, ambaye wakati huo alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake, alibakiwa na mfalme, askofu na farasi dhidi ya mfalme mtupu wa Olga Girya wa Urusi. Hali hiyo ni ya ushindi, na inahitaji hatua 33 kwa wingi. Mfalme sharti asukumwe mpaka kwenye kona yenye rangi ya miraba ya askofu, na njia ya kumtoa kona moja na kumpeleka kona nyingine ni nyembamba sana: ukikosea mara moja anaponyoka na kurudi katikati. Hatua 50 zilitimia kabla mfalme hajafungwa, na mchezo ukawa sare. Msomaji angeweza kudhani kwamba jambo lililoandikwa katika vitabu vya wanaoanza haliwezi kumshinda bingwa. Lakini hali hiyo hutokea mara chache mno katika michezo halisi, hata bingwa aweza kucheza miaka mingi bila kukutana nayo, na ujuzi usiotumiwa hupata kutu.

Hesabu ya makosa madogo

Sasa tuingie katika urefu wa njia, na hapa namwomba msomaji avumilie tarakimu kidogo. Tuchukue bingwa ambaye, akiwa katika hali ya ushindi, huchagua hatua inayohifadhi ushindi huo mara 98 kati ya 100. Ni nani asiyetamani uhodari wa namna hiyo katika kazi yake? Tuseme pia kwamba anahitaji hatua 40 ili amalize. Uwezekano wa kuzicheza zote 40 bila kosa hata moja hupatikana kwa kuzidisha 0.98 kwa yenyewe mara 40. Jibu ni takriban 0.45. Maana yake ni kwamba bingwa wetu atauharibu ushindi wake zaidi ya nusu ya mara zote. Akiwa hodari zaidi, akikosea mara moja tu katika kila 100, bado hufaulu mara 67 kwa mia. Theluthi nzima ya ushindi wake hupotea njiani.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huipinga hesabu hii ninapowapa, na wana haki ya kuipinga, kwa sababu imechukulia kwamba makosa hutawanyika sawasawa na kwamba kila hatua ina hatari sawa na nyingine. Sivyo ilivyo. Ziko hali za ushindi ambamo hatua 10 mbalimbali zote zinafaa, na mchezaji aweza kusinzia kidogo asipate hasara. Ziko nyingine ambamo hatua ifaayo ni moja tu, na nyinginezo zote ni sare. Mchezaji mwerevu huchagua njia pana hata kama ni ndefu zaidi, na wengi wa mabingwa wakuu walisifika kwa jambo hilo hilo: hawakutafuta ushindi wa haraka, walitafuta ushindi usiohitaji hatua ngumu. Tena makosa hayatawanyiki. Hukusanyika pamoja mahali ambapo muda umekwisha au mwili umechoka. Hata hivyo hesabu yetu, kwa ukali wake, inatufunza jambo moja la kweli. Mwenye kuongoza anatakiwa kuwa sahihi kila mara, ilhali mwenzake anangoja kosa moja. Uzito wa kazi zao haulingani, na mara nyingi anayeshindwa ndiye mwenye kazi nyepesi.

Upande wa muda waweza kupimwa. Katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya mwaka 2016 mjini New York, kati ya Magnus Carlsen wa Norway na Sergey Karjakin wa Urusi, kila mchezaji alipewa dakika 100 kwa hatua 40 za kwanza, dakika 50 kwa hatua 20 zilizofuata, na dakika 15 kwa zote zilizobaki, pamoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua tangu mwanzo. Kwa hiyo hatua 40 za kwanza zilipata wastani wa dakika 3 kila moja. Mchezo wa 4, ambao Carlsen alikuwa ameuongoza kwa muda mrefu, ulifika hatua ya 94. Kuanzia hatua ya 61 hadi ya 94 ni hatua 34, na muda uliotengwa kwa hatua hizo, bila kuhesabu akiba, ni dakika 32: chini ya dakika moja kila moja, tena saa ya sita na ya saba ya kukaa kitini. Mchezo uliotangulia ulikuwa umefika hatua ya 78, na huo pia Carlsen alikuwa amefikia hali ya ushindi. Yote miwili ilikwisha kwa sare.

Katika mchezo huo wa 4 kosa lenyewe, hata hivyo, halikutokea kwenye uchovu wa mwisho. Lilitokea mapema, katika hatua ya 45, Carlsen aliposogeza askari mmoja mbele na kwa kufanya hivyo akaufunga uwanja. Karjakin alijenga boma, yaani mpangilio ambao ingawa kete zake zilikuwa dhaifu, hapakuwa na mlango wa kuingilia. Hatua zote zilizofuata zilikuwa ni kuzunguka ukuta. Karjakin, aliyeponea chupuchupu mara mbili, alitangulia kushinda katika mchezo wa 8, na Carlsen alilazimika kusubiri hadi mchezo wa 10 ndipo akasawazisha. Baada ya michezo 12 walikuwa sawa, 6 kwa 6, na Carlsen aliuhifadhi ubingwa kwa michezo ya haraka tu.

Macho yasiyorudi nyuma

Limebaki swali la tatu, nalo kwangu ndilo zito zaidi. Katika mashindano ya ubingwa wa Marekani ya msimu wa 1963/64 Samuel Reshevsky alikuwa na kete moja zaidi ya Larry Evans, na ushindi ulikuwa mkononi mwake. Askari wa Evans walikuwa wamezibwa wote, na mfalme wake alikuwa kwenye kona bila mraba wa kwenda. Kilichokuwa bado na uhuru wa kutembea ni malkia wake na ngome yake tu. Reshevsky alikula askari kwa malkia wake, akitishia kumfunga mfalme. Evans alimtoa malkia wake sadaka mbele ya mfalme wa Reshevsky, naye Reshevsky hakuwa na budi kumla. Kisha akaitoa ngome vivyo hivyo. Ngome hiyo ikiliwa, Evans hana hatua yoyote halali, amekwama, na mchezo ni sare. Isipoliwa, itamfuata mfalme mraba kwa mraba bila kikomo. Sare kwa vyovyote. Kabla ya hapo hatua moja ya kujihami ingetosha kuumaliza mchezo.

Reshevsky alikuwa amekwisha kuona njia ya kushinda. Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Mwaka 2008 watafiti watatu, Merim Bilalić, Peter McLeod na Fernand Gobet, walichapisha jaribio walilofanya kwa wachezaji hodari. Waliwapa hali ya ubao yenye majibu mawili: moja lililozoeleka, linalomfunga mfalme kwa hatua 5, na jingine lisilo la kawaida lakini fupi zaidi, la hatua 3. Wachezaji waliliona lile lililozoeleka, na walipoombwa kutafuta fupi zaidi walisema wanalitafuta lakini hawalioni. Watafiti walikuwa wakipima mwendo wa macho yao kwa chombo maalumu. Macho hayo, ingawa wenye nayo waliamini kwamba wanatazama kwingine, yaliendelea kurudi kwenye miraba ya jibu la kwanza. Lakini hali ya ubao ilipobadilishwa kidogo ili jibu la kwanza lisiwezekane, wachezaji wa kiwango kile kile waliliona jibu fupi.

Kwa maoni yangu jaribio hili linamweleza Reshevsky, na pengine Chigorin pia, vizuri zaidi kuliko neno woga. Mchezaji aliye katika hatari hutafuta. Kila kete ya adui humtisha, na kila mraba huukagua. Mchezaji aliyekwisha kuona njia ya kushinda ameacha kutafuta, ingawa mwenyewe hajui kwamba ameacha. Huyaelekeza macho yake anakokwenda, na askofu aliyesimama mbali akiulinda mlango wa nyuma hukoma kuonekana. Si kwamba hisia hazina nafasi. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha katika makala yao ya mwaka 1979 kwamba binadamu huumizwa na hasara kuliko anavyofurahishwa na faida iliyo sawa nayo, na mtu mwenye faida mkononi huelekea kuchagua lililo salama. Katika sataranji lililo salama kwa macho huwa mara nyingine ndilo linalompa adui nafasi ya kujenga boma. Hata ushindi wa mashindano mazima waweza kupotea kwa namna hiyo: Anatoly Karpov alihitaji kushinda mara 6 dhidi ya Garry Kasparov, akafikia 5 kwa 0 baada ya michezo 27, mwezi Novemba 1984, kisha akacheza michezo 21 zaidi bila kuupata ushindi wa sita. Kasparov alishinda 3 kati ya hiyo, na mnamo tarehe 15 Februari 1985 mashindano yalisimamishwa bila mshindi.

Siku hizi watazamaji hufuata michezo ya mabingwa wakiwa na programu za kompyuta zinazoonyesha kwa tarakimu nani anaongoza na kwa kiasi gani. Chombo hicho ni cha manufaa, lakini kimeleta tabia ya kumcheka bingwa kila tarakimu inaposhuka. Anayecheka hana budi kukumbuka kwamba tarakimu hiyo hupima njia kwa macho ya mashine. Katika mchezo wa 6 wa mashindano ya ubingwa mjini London, Novemba 2018, Fabiano Caruana wa Marekani, akicheza na kete nyeusi dhidi ya Carlsen, alikuwa na kete moja zaidi huku Carlsen akiwa na askari zaidi. Kufikia hatua ya 68 kompyuta kubwa iliyokuwa ikiufuata mchezo huo ilitangaza kwamba Caruana ameshinda, na kwamba mfalme wa Carlsen atafungwa baada ya hatua zaidi ya 30. Njia yenyewe ilianza kwa kumpeleka askofu ukingoni mwa ubao. Kisha farasi alitakiwa aingizwe kwa hiari katika mstari wa mwisho wa adui, mahali ambapo angeonekana kama mfungwa asiye na njia ya kutoka. Ila kwa kukaa hapo angemnyima askofu wa Carlsen mraba aliouhitaji, na boma lingebomoka polepole.

Kila fundisho ambalo mchezaji hulipokea tangu utotoni humwambia asimweke farasi wake mahali kama hapo. Caruana alicheza hatua nyingine, na katika hatua ya 80 wakakubaliana sare. Michezo yote 12 ya mashindano hayo ilikwisha kwa sare, na ubingwa ukaamuliwa kwa michezo ya haraka, ambayo Carlsen alishinda yote 3.